Karatasi Mbili, Wimbo Mmoja

Msomaji, nataka kukusimulia kosa langu. Halikuwa kosa la kuandikwa magazetini, wala hakuna mtu aliyepoteza mali kwa ajili yake. Lakini lilimnyamazisha mtoto mwenye sauti nzuri, na kwa mwalimu wa muziki sijui kama liko kosa zito kuliko hilo. Nalisimulia kwa sababu lilinifundisha jambo moja juu ya vitabu, nawe uketiye na kitabu mbele yako kila siku huenda likakufaa.

Nafundisha katika shule moja ya sekondari hapa Njoro. Waijuao nchi hii wajua kwamba miezi ya Juni na Julai asubuhi zake ni baridi kali. Ukungu hushuka kutoka upande wa Mau ukafunika mashamba ya ngano, na wanafunzi huingia darasani wamejikunyata ndani ya sweta zao. Siku za namna hiyo hapana moto upitao kuimba. Mwaka ule kwaya yetu ilikuwa ikijitayarisha kwa mashindano ya muziki ya shule, na pamoja na nyimbo za kwetu tulichagua kipande kimoja cha Messiah, utungo mkubwa wa George Frideric Handel. Kipande hicho ni wimbo wa mtu mmoja, wa sauti ya kwanza, na maneno yake yametolewa katika kitabu cha Nabii Zekaria, pale binti Sayuni anapoambiwa afurahi kwa kuwa mfalme wake anakuja.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliomba kuuimba. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na sauti yake ilipanda bila ya kuchoka, kama moshi wa asubuhi isiyo na upepo. Alisimama mbele ya wenzake, akaanza. Hakufika mbali nikamsimamisha. Maneno yalikuwa yale yale, lakini mwendo ulikuwa mwingine. Nikamwambia aanze upya; akaanza upya vile vile. Mara ya tatu nikainua karatasi zangu juu, nikasema mbele ya watu hamsini, "Wimbo huu hauimbwi hivyo. Kitabu ni hiki hapa."

Akajibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ndivyo nilivyousikia. Shangazi yangu ana rekodi yake katika simu."

Nami nikasema neno ambalo ningependa kulirudisha kinywani, "Masikio yako si kitabu."

Wenzake wakacheka. Yeye akaenda kuketi. Siku ya pili hakuja mazoezini, wala siku ya tatu. Nafasi yake nikampa mwingine aliyeufuata mwendo wa karatasi yangu, tukaenda mashindanoni, tukarudi na cheti. Nilikitundika ukutani, na kwa muda wa miezi kadhaa nilikitazama kwa furaha.

Ili ujue tofauti iliyokuwako baina yake na mimi, fanya jaribio hili. Piga makofi manne kwa mwendo ulio sawa, na kwa kila kofi taja "moja, mbili". Huo ndio mwendo wa karatasi yangu. Ni wa hatua zilizonyoka, na wafaa kwa mbio nyepesi za sauti. Sasa piga makofi manne tena, na kwa kila kofi taja "moja, mbili, tatu". Huo ndio mwendo wa yule binti. Makofi hayakuzidi wala hayakupungua, lakini wimbo umekuwa wenye kubembea. Mtu ausikiapo mabega humtikisika kidogo, kama yuko ngomani.

Likizo ilipofika nilikwenda kuzuru chuo cha ualimu nilikosomea. Nikaingia maktaba kutafuta nyimbo za muhula ujao, na katika rafu ya muziki nikaona chapa nyingine ya Messiah, kitabu kinene kuliko nilivyokizoea. Nilikifungua bila ya haja maalumu. Mahali pa wimbo ule nikakuta mwendo wangu, nikaridhika. Lakini nyuma ya kitabu palikuwa na nyongeza, na katika nyongeza hiyo nikaukuta wimbo ule ule kwa mwendo wa tatu tatu, nota kwa nota, kama alivyouimba yule binti. Maelezo ya mhariri yalisema kwamba huo ndio mwendo ulioandikwa kwanza kwa mkono wa Handel mwenyewe. Ule wangu ulikuja baadaye, nao pia wa Handel.

Nilikaa na kitabu kile mpaka mtunza maktaba alipokuja kufunga madirisha.

Mambo niliyojifunza siku ile na siku zilizofuata ni haya. Handel aliutunga Messiah mwaka 1741, kwa muda wa siku ishirini na nne hivi, kuanzia mwishoni mwa Agosti hata katikati ya Septemba. Ulisikiwa na watu mara ya kwanza katika mji wa Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Kama angelikufa usiku ule kazi ya wahariri ingelikuwa nyepesi. Lakini aliishi hata mwaka 1759, na katika miaka hiyo yote aliuongoza utungo wake tena na tena, akiubadili kila alipoona haja. Mwimbaji mpya alipokuja na sauti ya namna nyingine, Handel alimshonea wimbo kama fundi amshoneavyo mtu nguo kwa kipimo chake. Mwaka 1750, kwa mfano, alimpata mwimbaji Mwitalia aliyeitwa Gaetano Guadagni; kwa ajili yake wimbo uliokuwa wa sauti nzito ya kiume ukaandikwa upya kwa sauti ya juu zaidi, ukatiwa sehemu yenye mbio kali kama ndimi za moto.

Basi tukiuliza, "Messiah wa kweli ni upi?" tutajibiwa nini? Uko mswada wa kwanza wa mkono wa Handel, ambao leo umehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Iko nakala iliyoandikwa na mnakili wake, John Christopher Smith, ambayo Handel aliitumia katika kuongoza, nayo imejaa mabadiliko ya mwaka hata mwaka. Iko nakala aliyoagiza katika wasia wake ipewe hospitali ya watoto waliotupwa, mjini London, ambako Messiah ulikuwa ukiimbwa ili kuchangia watoto hao. Nakala hizi ni ndugu wa baba mmoja, lakini si mapacha. Na kitabu kizima cha utungo huu, chenye sehemu za waimbaji na za vyombo vyote, kilipigwa chapa mwaka 1767, wakati mtunzi alipokuwa kaburini kwa miaka minane.

Tena kazi haikuishia hapo. Mwaka 1789, mjini Vienna, Mozart aliombwa na mtu mkubwa aliyeitwa van Swieten autengeneze Messiah kwa masikio ya watu wa zama zake. Akatia filimbi, klarineti na tromboni mahali ambapo Handel hakuziweka, na maneno yakaimbwa kwa Kijerumani. Mwaka 1902 Mwingereza Ebenezer Prout alitoa chapa yake, iliyotumiwa na kwaya nyingi kwa muda mrefu. Mwaka 1959 Watkins Shaw alitoa nyingine, baada ya kurejea miswada ya kale na kuilinganisha. Kila mmoja wa watu hawa alikuwa na sababu zake, na kila mmoja alilazimika kuchagua. Maana mhariri mwenye miswada mitatu isiyokubaliana hawezi kuandika yote mahali pamoja. Huweka mmoja mbele, mwingine huupeleka nyuma ya kitabu, na mwingine huuacha. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nasi twauona ukurasa umenyooka, mistari yake safi, tukadhani ulishuka hivyo. Kumbe uliundwa na mtu aliyekaa usiku na taa yake, akikata shauri.

Niliporudi Njoro nilizichukua karatasi zangu, zile nilizoziinua juu mbele ya watoto, nikatafuta jina la mhariri. Halikuwako. Karatasi zenyewe zilikuwa nakala iliyotolewa katika nakala, na hiyo katika nakala nyingine. Jalada lilikwisha kupotea zamani, na ukurasa wa maelezo ulipotea pamoja nalo. Fikiri, msomaji: nilisema "kitabu ni hiki", nami sikujua ni kitabu gani, wala nani aliyekihariri, wala alikitoa katika mswada upi. Nilikuwa kama shahidi anayeapa kwa jina la mtu asiyemjua.

Labda utasema haya ni mambo ya Ulaya, ya watu wenye miswada mingi na maktaba kubwa. Tazama basi karibu na kwetu. Katika miaka ya 1950 Padre Guido Haazen, Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, alikuwa akifanya kazi katika shule ya Kamina, nchi ya Katanga huko Kongo, ambako Kiswahili husemwa. Aliunda kwaya ya wavulana na walimu wao. Kwaya hiyo ikaimba maneno ya Kilatini ya Misa kwa tuni na midundo ya kwao, na Misa hiyo ikajulikana kwa jina la Missa Luba. Mwaka 1958 walisafiri Ulaya, wakaimba, na uimbaji wao ukatiwa katika santuri, Joachim Ngoi akiongoza kwa sauti yake na wenzake wakimwitikia.

Sasa angalia ajabu iliyomo. Kwa Handel wino ulitangulia sauti. Kwa watu wa Kamina sauti ilitangulia wino. Mwimbaji aliongoza kama waongozavyo waimbaji wetu ngomani, akiongeza hapa na kupunguza pale, naye hakufungwa na karatasi. Kitabu cha nota kilikuja baadaye, katika miaka ya 1960, ili kwaya za nchi nyingine nazo ziweze kuiimba. Mtu ashikaye kitabu hicho leo na kumkemea mwimbaji kwa kuongeza madaha mahali pasipoandikwa, humkemea kwa kufanya lile lile lililoizaa Misa yenyewe. Karibu na mwaka 1990 kwaya ya Kenya iitwayo Muungano, iliyoongozwa na Boniface Mganga, iliirekodi Misa hiyo tena. Sikiliza rekodi hizo mbili kwa zamu, utapata somo zuri kuliko maneno yangu.

Na ukipenda mfano wa lugha yetu wenyewe, mkumbuke Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalikaa katika vifua vya watu, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya kwa wale waliyoyakumbuka, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor. William Hichens ndiye aliyeyatoa katika kitabu mwaka 1940, tena mbali na pwani, mjini Johannesburg; na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, Nairobi. Hesabu mikono iliyopokezana: mshairi, wasikilizaji wake, mkusanyaji, mwandishi, mhariri, mpiga chapa. Usomapo ubeti mmoja wa Muyaka, hao wote wako nyuma yako wamesimama. Yafaa kuwashukuru, yafaa pia kujua kwamba wako.

Nakusikia ukiuliza, "Ikiwa ni hivyo, mwalimu, basi kila mtu aimbe apendavyo, na kosa halipo?" La, hasha. Kosa lipo. Katika zile zile karatasi zangu, za wimbo mwingine tulioandikiwa kwa herufi za solfa, sauti ya pili ilikuwa ikiimba "fa" mahali fulani kwa miaka mitatu, na kila mara sikio langu likiona uchungu kama jino bovu. Nilipopata nakala safi niliona kwamba hapo pameandikwa "fe". Herufi moja ilikuwa imefutika katika kunakiliwa. Hilo halikuwa toleo la mtunzi. Lilikuwa kosa la mashine, nasi tukaliimba kwa heshima.

Tofauti ya toleo na kosa ni hii: toleo lina mashahidi, na kosa halina. Mwendo wa tatu tatu wa yule binti una shahidi, nao ni mkono wa Handel mwenyewe. Mwendo wangu nao una shahidi, maana Handel aliukubali akautumia. Lakini "fa" yetu haikuwa na shahidi hata mmoja ila doa la wino. Kazi ya mhariri ni kuwaita mashahidi hao, kuwauliza umri wao na mahali walipotoka, kuona nani amenakili kwa nani, na ndipo kuamua. Mwenye kusema kwamba yote ni sawa ameikimbia kazi hiyo. Na mwenye kusema kwamba lake tu ndilo sawa, bila ya kuuliza, ameikimbia vile vile kwa mlango wa pili.

Hapa Njoro tuna kituo cha utafiti ambako ngano kutoka nchi nyingi hupandwa katika vijishamba vidogo, ili ijulikane ni ipi itakayostahimili kutu ya shina, ugonjwa ambao aina yake moja kali ilitambuliwa Uganda mwaka 1999. Mtaalamu wa mbegu akitaka kujua thamani ya mbegu huandika jina lake na asili yake, huipanda kando ya nyingine, na hutazama. Hawezi kusema, "Hii ndiyo ngano," kwa sababu tu ndiyo aliyoikuta ghalani mwake. Nilipita kando ya mashamba hayo kwa miaka mingi nikienda zangu, wala sikufikiri kwamba nyimbo nazo zataka kutendewa hivyo.

Sasa nimalize habari ya yule binti. Muhula ulipofunguliwa nilimwita. Alikuwa amekwisha kuingia kidato cha nne. Alikuja na uso wa mtu anayetarajia lawama. Nikaweka mbele yake kurasa mbili, ule wangu na ule nilioutoa katika kitabu cha chuo, nikamwachia asome. Alisoma kimya, kidole chake kikifuata nota, na midomo yake ikitikisika bila ya sauti. Kisha akainua macho.

"Basi sikukosea, mwalimu?"

"Hukukosea," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea, nami nilikosea mbele ya watu, kwa hiyo nitakuomba radhi mbele ya watu."

Nikafanya hivyo siku ile ile, mbele ya kwaya yote. Haikuwa rahisi, mwalimu akiomba radhi huhisi kwamba ukuta wa darasa umesogea. Lakini hapana aliyecheka. Nikapenda sana arudi kuimba nasi, ila mtihani wa mwisho ulikuwa karibu, na hamu iliyovunjika hairudi kwa kuitwa mara moja. Alikataa kwa adabu. Aliniomba jambo moja tu, ruhusa ya kunakili ule ukurasa wa nyongeza. Aliunakili kwa mkono, kwa kalamu ya wino, na chini yake, bila ya mimi kumwagiza, akaandika ameutoa katika kitabu gani. Nilitazama mstari huo mfupi nikaona haya: mwanafunzi alikuwa ametenda lile ambalo karatasi zangu zote hazikulitenda.

Cheti chetu bado kipo ukutani. Nimekiacha, kwa kuwa watoto walioimba walikistahili. Lakini nilikitazamapo sasa husikia pia sauti ambayo haikuimba siku ile.

Basi, msomaji, siku utakapopewa kitabu cha nyimbo, au cha mashairi, au cha historia, anza na ukurasa ule ambao watu hupenda kuuruka. Tazama ni nani aliyekihariri, mwaka gani, na kwa kutegemea nini. Na mtu akija mbele yako na wimbo unaoujua wewe kwa namna nyingine, usimkatize. Mwache afike mwisho, kisha umwulize ameupata wapi. Kuuliza si ujinga. Ningaliuliza mimi siku ile ya baridi, tungalikwenda mashindanoni na sauti iliyo bora kuliko zote.